Hesabu ishirini

Jana alasiri mnana jike, yule ndege mfumaji wa manjano, aliingia kwenye kiota cha tatu kutoka kushoto juu ya mnazi, akakaa ndani kiasi cha kuhesabu ishirini, akatoka, akaruka zake. Dume alikuwa ananing'inia chini ya mlango, miguu juu kichwa chini, anapepea mabawa kama mtu anayekung'uta kanga na kupiga kelele kwa nguvu zake zote. Tangu Jumatatu huyo ni jike wa nne kumkataa. Mimi niko chini barazani, suruali ya shule ya mtoto wa jirani iko mkononi, zipu imeshika upande mmoja, mguu umetulia juu ya kanyagio la cherehani. Nikamwambia kwa sauti, "Basi baba, fumua uanze upya." Leo saa moja asubuhi nafungua mlango, namkuta anafumua.

Baraza langu liko Bagamoyo, njia ya kuelekea Kaole. Huu ni mwaka wa kumi na tano nakaa kwenye kiti hiki. Mbele yangu kuna mlimau, mpera uliopinda, na mnazi mmoja ambao marehemu mama mkwe aliupanda mwaka aliojifungua mtoto wake wa kwanza, ndiye mume wangu. Upande wa kulia, ukuta wa jirani unapoishia, kuna kiwanja ambacho mwenyewe hajakijenga. Kiangazi ni mchanga na chupa tupu. Masika kinajaa maji na majani yanayomfika mtu kiunoni.

Watu wakisikia kwamba natazama ndege huniuliza kama nimeshakwenda hifadhi ya wanyama ya Saadani. Nimekwenda mara moja, tulipowasindikiza watoto wa shule, na nilifurahi sana. Lakini kule kila ndege nilimwona mara moja tu, gari likapita. Hapa namjua huyu wa kiota cha tatu. Najua amekuja lini, anagombana na nani, amekataliwa mara ngapi. Hiyo ndiyo raha ninayotaka kuieleza leo, kwa sababu naona wengi wetu tunadhani kutazama ndege ni mambo ya wageni wenye darubini na magari yenye paa la kufunguka.

Nilianza Ramadhani ya 2024. Mwaka ule mvua zilikuja na nguvu ya El Niño, na Idi ikaangukia tarehe 10 Aprili, kwa hiyo kanzu na magauni ya watoto yalinijia katikati ya masika. Nikawa nashona hadi usiku wa manane. Macho yakaanza kuwaka na kutoa machozi, ikabidi niende kwa daktari. Alinipa miwani, kisha akanipa sharti: kila ukimaliza mshono mmoja, inua kichwa, tazama kitu kilicho mbali, hesabu mpaka ishirini ndipo urudi kwenye kitambaa. Barazani kwangu kitu cha mbali kuliko vyote ni kichwa cha mnazi.

Siku za kwanza niliona manjano yanayorukaruka na nikasikia kelele, basi. Hapa mtaani wengi huwaita chiriku, kwa sababu ya ule mdomo wao usiopumzika. Bibi aliyenilea aliwaita minana, nami nimebaki na jina la bibi. Kufika siku ya tatu au ya nne ya hesabu zangu za ishirini nikaanza kuwatofautisha. Dume kichwa chake ni cheusi mpaka kooni, jicho jekundu, tumbo la manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Jike ni wa manjano iliyofifia, mgongo wa rangi ya majani makavu, na hana papara. Halafu nikaona wanachokifanya na makuti, na hapo ndipo nilipotekwa, maana hiyo ni kazi yangu.

Dume hutua kwenye jani bichi la kuti, huuma ukingo wake, akishapata ncha huikaza mdomoni na kuruka nayo. Ule mruko wake ndio unaochana. Anabaki na uzi wa kijani, mrefu kumshinda yeye mwenyewe, unapepea nyuma yake anaporudi. Kazi anaianza kwa fundo. Nasema fundo na namaanisha fundo: ncha moja anaikanyaga kwa mguu, nyingine anaizungusha kwa mdomo, anaipitisha chini ya uzi, anavuta, anairudisha. Mara ya kwanza kuliona hilo niliivua miwani nikaifuta, nikaivaa tena.

Baada ya fundo inakuja pete. Anafuma duara la wima, kubwa kiasi cha kusimama ndani yake, na akishalipata hahami. Anasimama palepale na kufuma kila mahali mdomo wake unapofika: upande mmoja chumba cha mayai, juu paa, upande wa pili ukumbi, na mwisho mlango unaotazama chini. Ndiyo maana viota vyao vinalingana. Mimi nina futi shingoni na bado hukosea sentimita. Yeye kipimo chake ni shingo yake.

Nimefundisha wasichana sita kushona. Mkono wa mwanafunzi naujua hata nikifumba macho: uzi umelegea huku, umekazwa kule, pindo linapanda na kushuka. Mnazini nako kuna wanafunzi. Madume wachanga, ambao weusi wa kichwa haujakamilika, hufuma vitu vilivyolegea, vyenye matundu, na hakuna jike anayesogea. Wanavifumua, wanaanza tena. Nawaonea huruma, na nawaheshimu pia.

Kiota kikiwa bado kibichi, majike huja kukikagua. Anaingia, anavuta nyuzi kwa ndani kuona kama zinashika, anatoka. Akikikubali utajua: hurudi na majani laini mdomoni, anaanza kutandika. Ukimwona jike na majani mdomoni, nyumba ina mwenyewe. Kisipompata mtu mpaka kikakauka na kuwa cha kahawia, dume hukivunja kwa mdomo wake mwenyewe na kufuma kingine pale pale. Huyu wangu wa tatu hakusubiri hata kikauke.

Sasa niseme ukweli kuhusu makuti. Minana wanauchuna mnazi. Kuti walilolifanyia kazi wiki mbili hubaki uti na vijiti, kama mfupa wa samaki. Baba watoto alikuwa hapendi kabisa. "Mnazi wa mama unaliwa hivihivi na wewe unatazama," ndiyo ilikuwa kauli yake ya kila jioni, na mara mbili alishamwita mkwezi aje avikate viota vyote. Nilimwomba angoje masika ipite. Nikamwonyesha kuti jipya linalochomoza katikati, refu na limefumba, nikamwambia mnazi haujafa. Alikaa kimya, lakini si kimya cha kukubali.

Jumamosi ya tarehe 4 Mei, mwaka huohuo wa 2024, Kimbunga Hidaya kiliingia kisiwani Mafia. Huku kwetu tulipata upepo na mvua. Usiku kucha nilisikia mnazi unavyokwaruza, na nikiwa kitandani niliwaza vile vifundo. Asubuhi ya Jumapili viota kumi na kimoja vilikuwa mchangani. Vingine vilikuwa bado vimeshika mti. Madume wamekaa juu yake, wamelowa, wamepungua nusu.

Baba watoto ndiye aliyeokota cha kwanza. Akakigeuza, akatafuta mlango, akaingiza vidole viwili. Nilimwona uso ukibadilika. Ndani kulikuwa na manyoya na vishada laini vya majani, vimepangwa, na mayai mawili, moja limepasuka. Lilikuwa la kijani cha kuelekea buluu, safi, halina doa. Kwenye kiota cha pili mayai yalikuwa meupe yenye madoa ya kahawia. Tukadhani ni ndege wa aina mbili. Baadaye nikasoma kwamba ni walewale: kila jike ana rangi yake ya yai na hutaga rangi hiyohiyo maisha yake yote, na majirani zake kwenye mti mmoja kila mmoja na yake.

Sababu yake ni ndege mwingine, kekeo mdogo, kijani kinachong'aa mgongoni na mweupe tumboni, ambaye masika nzima mtu humsikia akilia dii-dii-dii-dideriki kutoka kwenye waya. Yeye hajengi. Jike wake hunyemelea viota vya minana, hutaga humo yai moja na kuondoka, na kinda wake akianguliwa huyatupa nje mayai ya mwenye nyumba. Kwa hiyo mnana anayelijua yai lake kwa rangi ana nafasi ya kulitambua la mgeni na kulitoa. Tangu nilipolijua hilo, nikisikia dideriki moyo unanishtuka, nanyanyua kichwa hata kabla ya mshono kwisha. Minana wote humtimua, kelele zao siku hiyo husikika mpaka msikitini.

Kiota kimoja kati ya vile kumi na kimoja nilikifumua polepole juu ya meza ya kukatia. Nyuzi nilizihesabu mpaka mia nne na zaidi, kisha hesabu ikanipotea. Hakuna uzi uliotoka kwa kuvuta tu. Ilibidi nitafute kila mmoja ulipopita, kama unapofumua nguo ya fundi anayejua kazi. Baba watoto alikaa pembeni akitazama mpaka chai ikapoa. Habari ya mkwezi sijaisikia tena, na wiki ileile madume walikuwa wameshaanza pete mpya kwenye vijiti vilevile vilivyobaki.

Nimewasema sana minana, lakini si wao peke yao. Kwenye kile kiwanja, mvua ikishakolea, kweche hubadili nguo. Miezi mingine ya mwaka ni ndege mdogo wa kahawia mwenye michirizi. Ukimweka kando ya shomoro jike itakuchukua muda kuwatenga. Ikifika Mei dume ana kichwa chekundu cha moto na tumbo jeusi tii. Hupanda kwenye ncha ya jani refu, hujituna manyoya mpaka anakuwa duara, kisha huruka polepole juu ya majani akivuma kama nyuki. Miaka yote ile nilipita pembeni ya kiwanja kile na ndoo kichwani, sikumwona. Alikuwepo, bila shaka. Mwaka jana nilihesabu madume saba kwa wakati mmoja, kila mmoja na kipande chake cha majani anachokilinda, na jioni jua likiwapiga kwa ubavu, wallahi hakuna kitenge nilichowahi kukikata chenye wekundu ule.

Chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua, alijenga kwenye mlimau, hatua tano kutoka kwenye cherehani. Jike ndiye aliyejenga, peke yake, na alianza kwa utando wa buibui. Nilimwona akija kwenye kona ya dari langu, anautoa utando kwa mdomo mrefu uliopinda, anaukunja, anakwenda kuuzungusha kwenye tawi. Kwa hiyo kona ile sijaifagia. Wateja wengine huitazama, nawaeleza ina kazi.

Shomoro wa kwenye kenchi wao huchukua nyuzi zangu. Zamani niliona fahari kuona uzi wa darizi unaning'inia kutoka kwenye kiota chao, mpaka siku nilipomkuta kinda amefungwa mguu na uzi wa nailoni, ameshakufa. Sasa kabla ya kufagia nakata mabaki yote yawe mafupi, yasizidi urefu wa kidole. Mwanafunzi wangu wa sasa nimemfundisha hilo siku moja na kupiga bandi, ule mshono wa kushikiza kwa muda. Kama wewe unayesoma ni fundi, au una nywele bandia unazozitupa uani, nakuomba ufanye hivyo.

Tipitipi sijamwona vizuri zaidi ya mara tatu, hupenda kujificha kwenye vichaka. Ila sauti yake, ile ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, ikisikika asubuhi mapema, mtaa mzima hautandazi mpunga, maana wanajua anaita mvua.

Na kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu asili. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 na wameenea pwani yote. Wanaiba mayai, wanabeba makinda. Mwaka jana walimaliza kiota cha chozi kwenye mlimau wakati mimi nimekwenda sokoni kununua vifungo. Niliporudi jike alikuwa anarukaruka kwenye tawi, ana kitu kidogo mdomoni, chakula, hana wa kumpa. Sikushona tena siku ile. Mwaka huu nikiona kunguru ametua kwenye mpera nasimama, napiga makofi, na mtoto yeyote aliye karibu hunisaidia.

Nimalizie na mbayuwayu, kwa sababu wao ndio waliniletea simu ya mbali. Kuanzia Februari huwa wengi kwenye nyaya za umeme za barabarani, wamepangana kama vibanio kwenye kamba. Ukiwatazama kwa makini utaona mikia ya madume inarefuka kadiri manyoya mapya yanavyoota, ile mikia miwili mirefu kama nyuzi. Kufika nusu ya Aprili nyaya ni tupu. Nilikuwa nimezoea kuona wamekuja na wameondoka bila kujiuliza wanakwenda wapi.

Mtoto wa dada yangu anasoma Poland, mji wa Lublin. Mwaka jana mwisho wa Aprili alinipigia. "Mama mdogo," akasema, "huku baridi inaisha, miti inachipua, na wale ndege wako nadhani wamefika." Akanitumia picha: zizi la ng'ombe la shamba moja nje ya mji, na juu ya boriti kibakuli cha matope, na mbayuwayu amekaa juu yake, koo jekundu la kutu, mkia ule ule. Sikuwahi kukiona kiota cha mbayuwayu huyu maishani. Hapa kwetu hajengi kamwe. Huja kula wadudu na kubadili manyoya wakati kwao kuna theluji, kisha anarudi kuzaa kule, safari ya maelfu ya kilomita juu ya jangwa na bahari, na uzito wake wote ni kama vijiko vitano vya chai vya sukari.

Nikamwuliza mtoto watu wa huko wanasemaje wakimwona. Akasema wanafurahi, wanafungua madirisha, kwao ndiyo dalili kwamba majira ya kuchipua yamefika kweli. Nami nikamwambia huku ndio tuko katikati ya masika, minana wanapigana, kweche ameanza kuwa mwekundu shingoni. Tukakaa kwenye simu mpaka salio lake likaisha, yeye ananieleza ya kwenye zizi, mimi ya kwenye mnazi. Mwaka huu amenitumia picha nyingine, boriti ileile. Nimeihifadhi kwenye simu karibu na picha za mitindo ya magauni, na wateja wakipekua mitindo hukutana nayo, wanauliza.

Sasa ni saa kumi na moja kasoro. Dume wa tatu ameshafumua kila kitu na ana pete mpya, kijani kibichi, na paa limeanza kuinama. Mawingu yako upande wa bahari. Suruali ya shule bado haina zipu upande wa pili, na mama wa mtoto amepita kuichukua. Nilidhani atanung'unika. Amesimama kidogo, akafuata macho yangu yanakotazama, akavuta kigoda cha wateja.

"Yupi ndiye huyo wa tatu?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa ncha ya mkasi.